Upande wa Nyuma wa Nishani

Ukipewa nishani ya zamani mkononi, usianze na uso wake. Igeuze. Usoni ndiko kuliko na tai, taji na sura ya mfalme, na huko ndiko mghushi humalizia nguvu zake zote. Akifika nyuma huwa amechoka. Nyuma utaona mikwaruzo ya tupa, jina dogo la karakana, chapa ya fedha yenye ukubwa wa punje ya ulezi, na uchafu wa miaka mia uliojibanza kwenye pembe ambako kitambaa cha kusafishia hakifiki.

Haya nimejifunzia Belgrade, ninakosoma shahada ya uzamili ya historia. Nilifika kwa ufadhili wa serikali ya Serbia unaoitwa Svet u Srbiji, yaani Dunia Ndani ya Serbia, ulioanza mwaka 2010 kwa wanafunzi wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Ni urithi wa zama za Tito na wa mkutano wa Belgrade wa Septemba 1961, uliofanyika miezi mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Mwaka wa kwanza tulisoma lugha tu. Nikipiga simu nyumbani Morogoro, mama huuliza kama nimekula, kaka huuliza kama kuna baridi, na shangazi huuliza swali lile lile kila mara: "Mwanangu, hao Waserbia na medali zao vinakuhusu nini?"

Kilichonivuta kwanza ni maneno. Siku zile nilipokuwa bado natafuta pa kushika katika lugha ile ngumu, nilikuwa nakutana na maneno kama unavyokutana na ndugu stendi ya mabasi ya mji mgeni. Sanduk ni sanduku. Sapun ni sabuni. Dućan ni duka. Maneno ya Kiarabu na Kiajemi yalifika kwao kupitia kwa Waturuki, kwetu yakaja kwa bahari. Kisha nikakutana na nišan. Kwetu nishani huvaliwa kifuani. Kwao nišan ni shabaha, pale mtutu wa bunduki unapoelekezwa. Nililiandika neno hilo ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na daftari hilo sasa ni la tatu.

Kinachovaliwa kifuani wao wana majina matatu, na anayetaka kuvitambua vitu hivi lazima aanze hapo. Orden ni nishani yenye ngazi, kuanzia ya chini ya kifuani hadi nyota kubwa ya mabalozi na majenerali. Medalja hutolewa kwa tendo au kwa huduma. Spomenica ni ya kumbukumbu: hupewa mtu kwa sababu alikuwepo. Mwanzoni nilidhani spomenica ndiyo ya daraja la chini kuliko zote. Wazee wanaokusanya vitu hivi hawaoni hivyo.

Jambo la pili ni kujua nani alikuwa akitawala. Serbia ya karne ya 19 iligombewa na koo mbili, Obrenović na Karađorđević, na ugomvi wao umepigwa chapa kwenye chuma. Msalaba wa Takovo ulianzishwa mwaka 1865 na Mwanamfalme Mihailo Obrenović, miaka 50 baada ya uasi wa pili dhidi ya Waosmani. Mwaka 1903 maafisa wa jeshi walimuua Mfalme Aleksandar Obrenović na mkewe Draga ndani ya jumba lao, ukoo ukakatika, na msalaba ule ukafutwa. Mwaka 1904 Mfalme Petar wa Kwanza, wa ukoo wa pili, akaanzisha Nyota ya Karađorđe kuadhimisha miaka 100 ya uasi wa kwanza, ulioongozwa na babu yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuletea msalaba wa Takovo na kukuambia babu wa babu yake aliuvuna vitani mwaka 1914, msikilize kwa heshima, kunywa kahawa yake, lakini kwenye daftari usiandike hivyo.

Jambo la tatu ni kalenda. Serbia ilitumia kalenda ya Julian hadi mwaka 1919, na katika karne ya 20 tofauti yake na ya kwetu ni siku 13. Barua ya askari iliyoandikwa 1 Januari 1916 kwao, kwa Wafaransa waliokuwa naye kambi moja ilikuwa ya 14 Januari. Watu wamewahi kubishana hadi usiku kuhusu hati mbili "zinazopingana" ambazo kumbe zinasema jambo moja.

Nishani niipendayo ni ya mwaka 1915, ingawa ilianzishwa mwaka 1920. Huitwa Albanska spomenica. Oktoba 1915 Ujerumani na Austria-Hungaria ziliivamia Serbia kutoka kaskazini, Bulgaria kutoka mashariki. Jeshi halikusalimu amri. Lilivuka milima ya Montenegro na Albania kwa miguu katikati ya baridi, pamoja na raia, wafungwa wa vita, na Mfalme Petar mwenyewe, mzee wa miaka 71, akivutwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Waliofika pwani walivushwa hadi kisiwa cha Corfu, nako wakaendelea kufa. Katika kisiwa kidogo cha Vido, ardhi ilipojaa, maiti walizikwa baharini, zaidi ya 5,000, na maji yale Waserbia huyaita Plava grobnica, kaburi la buluu.

Aliyepita njia hiyo akabaki hai alipewa tai mweupe wa vichwa viwili mwenye sura ya Aleksandar, mtoto wa mfalme, na maneno yanayowaita waliopewa wenzake wa vita. Nyuma yameandikwa maneno ya uaminifu kwa nchi na mwaka 1915. Utepe ni wa kijani wenye mistari myeusi pembeni, umekunjwa pembetatu kama wanavyokunja wao. Hakuna neno ushujaa popote. Uliyevaa, ulikuwepo.

Ya ushujaa ni nyingine, na ina jina la Miloš Obilić, yule shujaa wanayemsimulia kwamba alimuua Sultani Murad kwenye vita vya Kosovo mwaka 1389. Ilianzishwa mwaka 1913, ya dhahabu na ya fedha, ina sura yake usoni na maneno "Za hrabrost", kwa ushujaa, upande wa nyuma. Milunka Savić alikuwa na nishani za namna hii kuliko karibu wanawake wote wa vita ile. Alijiandikisha jeshini badala ya kaka yake, akapigana vita vya Balkan na Vita vya Kwanza vya Dunia, akapewa Nyota ya Karađorđe na nishani za Ufaransa na Urusi. Baada ya vita alifanya kazi ya usafi benki. Alikufa mwaka 1973 hapa Belgrade, na mabaki yake yalihamishiwa sehemu ya mashujaa ya makaburi mapya mwaka 2013, miaka 40 baadaye.

Vitu halisi nilivitazama kwanza kwenye Makumbusho ya Jeshi, ndani ya ngome ya Kalemegdan, juu ya mahali Sava inapoingia Danube. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1878. Lakini kioo cha makumbusho kina tatizo moja: hakikuonyeshi upande wa nyuma. Kwa hiyo nilianza kwenda sokoni.

Jumapili asubuhi, kwenye soko la vitu vikuukuu, kuna mzee mmoja ambaye humwita kila kijana mpumbavu hadi athibitishe vinginevyo. Namwita čika, neno lao la kumwitia mtu mzima wa rika la baba au mjomba. Siku ya kwanza alinitazama akauliza kama nimepotea. Nikamuuliza kwa Kiserbia kama tai yule wa kushoto ameminywa au amemiminwa. Alinyamaza, akanivutia kigoda.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii kwa vidole. Medali halisi hupigwa chapa kwa mashine yenye nguvu kubwa. Ukipitisha ukucha kwenye herufi, kingo zake ni kali. Nakala ya bei rahisi hutengenezwa kwa kutumia medali halisi kama kielelezo: unapata kalibu, unamimina madini. Yakipoa husinyaa kidogo, kwa hiyo nakala huwa ndogo kuliko mama yake kwa sehemu ya milimita, na herufi zake zimevimba kama sabuni iliyotumika. Kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu vya hewa. Ukingoni utaona mshono, au alama za tupa iliyojaribu kuuondoa mshono. Enameli ya kweli ni kioo kilichochomwa tanuruni. Ikipigwa huvunjika kama kigae. Ya uongo ni rangi ya plastiki. Ukiigusa kwa sindano, sindano inazama.

Chapa nazo husema. Serbia ya wakati ule iliagiza nishani zake nyingi nje, Vienna, Paris na Uswisi. Fedha ya Austria ina kichwa kidogo cha Diana. Fedha ya Paris ina kichwa cha nguruwe mwitu. Tai wengi wa Albania walitengenezwa na Arthus Bertrand wa Paris. Ukiona chapa ya nchi ambayo mwaka huo ilikuwa ikiipiga Serbia mizinga, una haki ya kuuliza maswali.

Sare ni ngumu zaidi, kwa sababu nguo huvaliwa hadi iishe. Sare ya mwaka 1908 ilikuwa ya kijivu-kijani na ilichukua nafasi ya ile ya buluu. Kichwani ni šajkača, kofia ya kitambaa iliyobonyea katikati, na miguuni kwa wengi ni opanci, viatu vya ngozi vya wakulima. Lakini sare hazikutosha. Wanaume wazee wa wito wa tatu walikwenda vitani na nguo zao za shambani, kofia tu ndiyo ya jeshi. Baada ya Corfu, Wafaransa waliwavisha upya: sare za buluu iliyopauka na kofia za chuma za Adrian zilizobandikwa nembo ya Serbia. Kwa hiyo "sare kamili ya askari wa Serbia wa 1915", safi, yenye vifungo vyote, ndiyo inayonitia shaka kuliko koti lenye viraka. Čika hubeba taa ndogo ya miale ya urujuanimno. Uzi wa kisasa wenye kemikali ya kung'arisha huwaka mweupe chini yake. Kemikali hizo hazikuwepo mwaka 1915. Sabuni ya leo nayo huacha mwako, ndiyo maana baada ya taa lazima uangalie mishono, bitana na mihuri ya ghala.

Kuna meza ambazo sisimami. Zina sare za mabaka za miaka ya 1990 na beji za vikundi vya wapiganaji wa vita vya Bosnia. Mwaka 2007 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995 yalikuwa mauaji ya kimbari, na kwamba Serbia ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kuyazuia. Sisemi vitu hivyo vichomwe. Makumbusho na mahakama vinavihitaji. Lakini vya 1915, aliyevivaa na aliyeumizwa wote wamekwisha zikwa. Vile vya 1995, mama wa marehemu anaweza kukutana navyo mezani Jumapili, vimewekewa bei. Tuliwahi kuzozana na čika kuhusu hili. Yeye husema historia hainunuliwi vipande vipande. Mimi humjibu kwamba hapo sokoni ndivyo hasa inavyouzwa.

Yeye pia ndiye aliyenisaidia kumjibu shangazi, bila kujua. Aliniambia babu yake alisimulia kwamba kule Thessaloniki walipigana bega kwa bega na Waafrika. Ni kweli. Ufaransa ilileta vikosi vyake vya Senegal kwenye uwanja ule wa vita. Nami nikamwambia jambo ambalo hakulijua: kwamba Agosti 1916 Waingereza waliingia mji wetu wa Morogoro wakiwafukuza Wajerumani, na mwezi uliofuata Waserbia walikuwa wakipanda Kajmakčalan, mlima wa zaidi ya mita 2,500, kuwafukuza Wabulgaria. Vita ni hivyo hivyo. Kwetu maelfu kwa maelfu ya watu walibebeshwa mizigo ya majeshi hayo hadi wakafia njiani, na jina la kikosi chao cha wapagazi limebaki Kariakoo, tunakonunua vitenge na chaja za simu. Medali za Waingereza za vita ile ziliandikwa jina la askari ukingoni. Za Serbia hazina jina. Lakini familia za hapa zina sanduku la kufungua. Katika ukoo wetu hatuna hata kifungo. Pengine ndiyo maana nakaa kwenye masanduku ya wengine.

Sanduku lililonisumbua kuliko yote lilikuwa ghorofa ya juu ya ninapoishi. Mwenyewe ni bibi wa miaka themanini na kitu, na hapa ieleweke kwamba kwa Kiserbia baba ni bibi. Ilinichukua wiki kadhaa kumwita mwanamke Baba bila kucheka. Yeye huniita sine, yaani mwanangu wa kiume, lakini hutumiwa hata kwa msichana pale mtu anapokupenda. Ameniruhusu niandike haya mradi nisimtaje jina.

Mjukuu wake alikuwa amekuja kutoka nje ya nchi kumtafutia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Gharama zilikuwa kubwa, naye alikumbuka sanduku la baba mzazi wa Baba, askari wa 1915. Ndani mlikuwa na tai wa Albania, medali ya vita vya 1914 hadi 1918, šajkača iliyoliwa na nondo, picha moja, na kwenye kitambaa chake peke yake, medali ya Obilić ya dhahabu. Mjukuu alishasoma kwamba ile ya mwisho ndiyo yenye bei. Alichotaka kwangu kilikuwa karatasi moja yenye maelezo, ya kumwonyesha mnunuzi.

Tai alikuwa wa kweli. Utepe ulikuwa umepauka upande mmoja tu, ule uliotazama dirisha. Medali ya vita ilikuwa ya kweli. Obilić niliigeuza, na kabla sijachukua kioo, kidole kilishanieleza. Herufi za "Za hrabrost" zilikuwa zimevimba. Ilikuwa nyepesi. Ukingoni kulikuwa na mshono uliopigwa tupa kwa haraka.

Niliwaza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba karatasi yangu ikisema uongo, mtu fulani atanunua madini ya bure kwa fedha nyingi. La pili, kwamba mbele yangu kuna mwanamke aliyekulia chini ya hadithi ya baba shujaa, na nakala sandukuni haithibitishi kwamba hakuwa shujaa. Medali isiyo na jina haiwezi kusema lolote bila hati ya mfalme au picha. Nikaomba picha. Mwanaume wa makamo, koti la sherehe, kifuani tai, na pembeni medali mbili za duara. Nikaikuza kwa kioo. Kwenye moja ya zile za duara palikuwa na kichwa chenye kofia ya chuma ya kale, yenye mapambo kama mabawa. Obilić.

Baba alikuwa akiniangalia muda wote. Alimtuma mjukuu mkate, ingawa mkate ulikuwepo.

"Umeona," aliniambia.

"Nimeona, Baba. Ya kwenye picha na hii si moja."

Alisema aliiuza yeye, majira ya baridi ya 1993. Huo ndio mwaka ambao benki ya taifa ilitoa noti ya dinari bilioni 500, na mshahara wa asubuhi jioni haukununua kitu. Mama yake alikuwa bado hai, haoni vizuri, na kila mwaka siku ya mtakatifu wa familia aliomba apewe medali ya mumewe aishike. Kwa hiyo Baba aliiuza ya kweli, na kutoka kwenye fedha zile akanunua nakala mtaani.

"Mama akaishika akasema imepungua uzito," alisema. "Nikamwambia, hapana mama, wewe ndiye umepungua nguvu."

Aliniomba mjukuu asijue. Nikamwambia kwamba kuhusu yeye sitaandika neno, ila kuhusu chuma nitaandika kilivyo. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika kilivyo."

Niliandika kadi kwa Kisirili, mistari minne. Tai wa Albania, halisi, chapa ya Paris. Medali ya vita, halisi. Picha, mwenye picha amevaa medali ya ushujaa ya Miloš Obilić. Medali iliyomo sandukuni, nakala ya kumiminwa ya miaka ya karibuni.

Mjukuu alipopanda ngazi, Baba alichukua kalamu mkononi mwangu akaongeza mstari wa tano: ya kweli iliuzwa Belgrade, 1993, kwa unga, mafuta na dawa za mama. Akatia sahihi.

Mjukuu aliisoma akiwa amesimama, mkate kwapani. Aliirudia. Kisha akauliza mafuta yalikuwa lita ngapi.

"Tano," alisema Baba. "Na yalikuwa mazuri."